Barua ya Wazi kwa Maspika wa Bunge: Makundi ya Wabunge wa Kikabila na Redio Zinazoyabeba

Kwa:
Mheshimiwa Spika wa Bunge la Taifa,
Mheshimiwa Spika wa Seneti,
Majengo ya Bunge, Nairobi.

Nakala: Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa (NCIC), Baraza la Vyombo vya Habari (MCK), Mamlaka ya Mawasiliano (CA).

KUH: MAKUNDI YA WABUNGE YANAYOJIPANGA KIKABILA NA UHUSIANO WAO NA VITUO VYA REDIO

Waheshimiwa Maspika,

Natanguliza salamu na heshima zangu. Mimi ni mpiga kura wa Molo, Kaunti ya Nakuru, mwalimu mstaafu aliyefundisha watoto wa Wakikuyu, Wakalenjin, Wakisii, Waluhya na Waluo katika darasa moja. Malalamiko haya sikuyaanzia hadharani. Niliyapeleka kwanza kwenye kituo cha redio kilichohusika, nikaambiwa mhariri atanipigia simu. Hakunipigia. Nilimwandikia mbunge aliyekuwa mgeni wa kipindi. Barua ikagongwa muhuri wa kupokelewa, kisha kimya. Ofisi ya umma niliyoiendea baadaye ilitaka sauti ya kipindi chenyewe. Niliipeleka kwenye flashi, nikaandikishwa kitabuni, na mpaka leo sijui kama yuko aliyeisikiliza.

Kipindi chenyewe kilikuwa cha asubuhi, kwa lugha ya mama, siku moja baada ya kundi la wabunge wa jamii fulani kukutana hotelini. Mbunge alikuja studioni kueleza walichoafikiana. Mtangazaji alimwita "mzee wetu" tangu mwanzo hadi mwisho na mara nyingine alimmalizia sentensi. Hakumuuliza ni wabunge wangapi waliohudhuria, wala nani alipinga. Mbunge akasema wamekubaliana kwamba mwaka 2027 viti vya eneo hili vitakwenda kwa wenyeji, na wageni wafuate. Mpigaji simu wa kwanza akauliza wageni wasipofuata watafanywa nini. Mtangazaji akacheka, akaweka muziki.

Nilikuwa kwenye foleni ya kupimiwa maziwa, redio imewekwa dirishani mwa karani. Mbele yangu walisimama wakulima wawili wa hao walioitwa wageni, waliozaliwa hapa, wanaoielewa lugha ile kuliko hata ninavyoielewa mimi. Hawakusema neno. Mmoja alichukua mtungi wake akaondoka zamu yake haijafika.

Kwa mtu wa Nairobi huenda hayo ni maneno ya siasa yanayopita. Sisi wa Bonde la Ufa tunajua yanakotoka. Septemba 1991 wanasiasa wa Bonde la Ufa, wabunge wakiwa mbele, walikutana Kapsabet kudai majimbo, yaani kila eneo lijitawale, na mikutano ya aina hiyo ikawatolea vitisho watu wa jamii nyingine waliokuwa wakiishi mkoani. Tarehe 29 Oktoba mwaka huohuo mapigano yakaanza katika shamba la Miteitei, Tinderet. Mwaka uliofuata yalikuwa yamefika Molo. Haya siyasemi mimi: yaliangaliwa na kamati ya Bunge lenu wenyewe, ile iliyoongozwa na Kennedy Kiliku mwaka 1992, na baadaye na Tume ya Jaji Akiwumi. Kumbukumbu ziko katika maktaba yenu.

Tena kumbukeni kwamba mwaka 1991 hapakuwa na redio hata moja ya kibinafsi nchini. Kauli za jukwaani zilisafiri kwa midomo na kwa magazeti, zikachukua siku kadhaa kufika bondeni. Leo kauli ya hotelini jioni inakuwa kipindi cha asubuhi, na kabla ya saa sita mchana imekatwa vipande na kusambazwa kwenye makundi ya WhatsApp ya kata nzima. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 na ghasia zilizoua zaidi ya watu 1,100 na kuhamisha mamia ya maelfu, Tume ya Jaji Waki iliandika katika ripoti yake ya Oktoba 2008 jinsi baadhi ya vituo vya lugha za mama vilivyochochea joto la kikabila. Tumeonywa kwa maandishi, kwa pesa za umma, zaidi ya mara moja.

Wasiwasi wangu ni huu.

1. Makundi haya yanafanya kazi ya Bunge bila kuwa Bunge.

Kifungu cha 118 cha Katiba kinataka Bunge lifanye shughuli zake kwa uwazi, na vikao vyake na vya kamati zake viwe wazi kwa umma. Kamati ikikutana, mimi mwananchi naweza kuomba kumbukumbu, kusoma ripoti, hata kupeleka maoni. Kundi la wabunge wa eneo halina ulazima huo. Linakutana usiku, mahali panapolipiwa na mtu asiyetajwa, linatoka na "maazimio", na asubuhi redio zinatangaza kwamba wabunge wetu wameamua. Wameamua wakiwa wangapi? Aliyekuwa safarini ng'ambo ameandikwa kwamba yumo? Nimewahi kusikia jina la mbunge likisomwa miongoni mwa walioafiki, na jioni mwenyewe akakana kwenye kituo kingine. Na hao wanaokutana si watu binafsi walioketi kunywa chai. Wanakuja na walinzi wa polisi wanaolipwa na sisi sote na wanajitambulisha kwa cheo tulichowapa sisi sote.

2. Mbunge wa watu wote anaingia kwenye kundi la watu wake.

Hili ndilo linaloniuma zaidi, na ndilo naomba mlisome polepole.

Kifungu cha 95 kinasema Bunge la Taifa linawakilisha wananchi wa maeneobunge. Hakisemi linawakilisha jamii ya mbunge. Mkisii wa Molo alisimama kwenye foleni ileile ya kura, akapakwa wino uleule. Mbunge anapokwenda kuketi katika kundi linalokubali watu wa damu moja tu, anakwenda na kura ya Mkisii yule mfukoni, kujadili mambo ambayo Mkisii yule haruhusiwi kuyasikia, na huenda yeye ndiye anayejadiliwa. Hapo anamwakilisha nani? Swali hilo si la Molo peke yake. Liulizeni Likoni, Mombasa, walikoona damu Agosti 1997. Liulizeni Lamu Magharibi, Trans Nzoia, na kila eneobunge ambalo ramani ya lugha haikufuata mpaka wa kura.

Katiba ilishaliona jambo hili upande wa vyama. Kifungu cha 91 kinakataza chama cha siasa kuundwa kwa misingi ya dini, lugha, rangi, kabila, jinsia au eneo. Basi wanasiasa wakawa na vyama vyenye sura ya kitaifa kwenye karatasi za Msajili wa Vyama, na siasa yenyewe wakaihamishia kwenye makundi yasiyosajiliwa popote. Mwaka 1980 Rais Moi alivipiga marufuku vyama vya kikabila, GEMA (ya Wakikuyu, Waembu na Wameru), Luo Union na vinginevyo. Marufuku ile ilikuwa ya enzi za chama kimoja na sitaki irudi. Lakini angalau GEMA ilikuwa na usajili, viongozi waliochaguliwa na hesabu za fedha. Haya ya leo hayana hata hivyo.

Sote tunakumbuka mwaka 2023, Naibu wa Rais wakati huo, Rigathi Gachagua, alipoifananisha serikali na kampuni yenye wenyehisa, kwamba walioipigia kura ndio wa kufaidi kwanza. Kauli hizo zilikuwa miongoni mwa mashtaka yaliyomng'oa Oktoba 2024, kwanza katika Bunge la Taifa na kisha katika Seneti. Sawa. Lakini mwezi mmoja tu kabla ya hapo, wabunge wa Mlima Kenya walikuwa wameketi kama kundi wakatangaza nani awe msemaji wa eneo lao mbele ya serikali kuu, na wengi wao ndio waliopiga kura ya kumwondoa. Kama kugawa serikali kwa hisa za makabila ni kosa la kumfukuzisha mtu kazi, basi kikao cha kuchagua nani akachukue hisa za eneo kinastahili angalau swali moja kutoka kwenu. Sikulisikia swali hilo. Sitetei upande wowote hapa. Pwani, Nyanza, Magharibi na Ukambani wana makundi yao, na mwenendo ni uleule.

3. Redio inayohoji kundi ni mali ya rafiki wa kundi, na msikilizaji haambiwi.

Nieleweke vizuri. Redio za lugha za mama si adui yangu. Kameme FM, ya lugha ya Kikikuyu, ilipoanza mwaka 2000, wazee waliokuwa hawaelewi taarifa ya habari ya Kiswahili wala ya Kiingereza walianza kuifahamu nchi yao. Tangu hapo zimekuja Ramogi, Inooro, Mulembe, Musyi, Chamgei, Egesa, Kass na nyingine nyingi. Bei ya mahindi, chanjo ya mifugo, matangazo ya vifo, watu wanayapata huko. Mke wangu alijifunza kutibu kuku kwenye redio. Kosa haliko kwenye lugha.

Kosa liko kwenye umiliki uliofichwa na studio isiyo na swali. Inafahamika kwamba kampuni ya habari ya Mediamax inahusishwa na familia ya Kenyatta na Standard Group na familia ya Moi. Familia mbili zilizotoa marais watatu kati ya watano wa nchi hii zina magazeti, televisheni na redio. Katika ngazi ya chini kuna vituo vidogo vya kaunti ambavyo mtaani kila mtu anamjua mwenyewe, ila jina lake halitajwi hewani, na mwenyewe huyo ni mgombea, au shemeji wa mgombea. Kumiliki redio si haramu. Lakini mkulima anayesikiliza hana njia ya kujua kwamba anayehoji ameajiriwa na anayehojiwa.

Halafu kuna mwandishi wa mashinani. Analipwa kwa kila habari inayotumika, si mshahara wa mwezi. Mkutano uko kilomita 60, nauli hana, na gari la mheshimiwa linaondoka saa mbili. Atapanda. Atakula chakula cha mheshimiwa, atarudi na bahasha, na ataandika nini? Simlaumu kama ninavyomlaumu mwajiri wake, anayejua hayo yote na kuyahesabu kama nafuu ya bajeti.

4. Serikali nayo imeingia kwenye mchezo huu.

Machi 2024 wizara ilielekeza matangazo ya serikali ya redio na televisheni yapelekwe KBC, shirika la utangazaji la serikali, pekee. Kituo cha kibinafsi kinachotegemea matangazo kikisikia hivyo kinaelewa ujumbe: ama uelewane na wakubwa, ama utafute mkubwa mwingine wa kukulisha. Vyote viwili vinamrudisha mwanasiasa studioni akiwa ndiye anayelipa.

5. Tuna adhabu mbili tu, kutofanya lolote au kuzima mtambo.

Katika kesi ya ghasia za 2007 kwenye Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kule The Hague, mtangazaji Joshua arap Sang alishtakiwa pamoja na William Ruto. Kesi ilikatizwa Aprili 2016, hakutiwa hatiani, na mimi si hakimu wa kusema vingine. Lakini tangu siku hiyo ni kana kwamba nchi iliamua mjadala wa wajibu wa studio umeisha. Haukuisha, haukufanyika. Kilichobaki ni mkono wa serikali kwenye swichi. Tarehe 30 Januari 2018 Citizen, NTV na KTN zilizimwa kwa sababu ya kuonyesha Raila Odinga akijiapisha Uhuru Park. Tarehe 25 Juni 2025 vituo viliamriwa kuacha kurusha maandamano moja kwa moja, vingine vikazimwa, na Mahakama Kuu ikabidi isimamishe amri ile. Yaani kituo kinachoonyesha wananchi wakiandamana kinazimwa mchana kweupe, na kinachowaita majirani zangu wageni hakiandikiwi hata barua.

Najua majibu mtakayopewa, maana mengine nimeshapewa mimi.

Mtaambiwa ni uhuru wa kujumuika na wa kujieleza. Ni kweli, vifungu vya 33 na 36 vipo, na kwa hivyo siombi kundi lolote livunjwe. Ila kifungu hichohicho cha 33 kinasema uhuru huo haufiki kwenye uchochezi na maneno ya chuki, na hakuna kifungu kinachompa mtu uhuru wa kutumia cheo cha umma gizani.

Mtaambiwa makundi haya yanapigania maendeleo: majani chai, kahawa, miwa, barabara. Baadhi yanafanya hivyo, na nayasifu. Mbunge wa eneo la miwa akikaa na mwenzake wa eneo la miwa, awe wa kabila lolote, wakatoa mapendekezo ya bei, huo ndio uwakilishi. Chama cha wabunge wanawake, KEWOPA, kimekaa miaka zaidi ya 20 kikiwaleta pamoja wanawake wa vyama na makabila tofauti kwa ajenda inayojulikana. Kwa hiyo inawezekana. Kundi la zao au la ajenda mlango wake unafunguka kwa yeyote mwenye shida hiyo. La damu halifunguki kwa yeyote asiyezaliwa humo, hata shida iwe moja.

Mtaambiwa wananchi wenyewe ndio wanaopenda siasa hizi. Watu wa Molo tumezika watu wetu na kujenga upya nyumba zilezile. Asituambie mtu tunachopenda. Wananchi wanasikiliza wanachopewa, na wakipewa mgeni wa upande wa pili na mtangazaji mwenye maswali watasikiliza pia.

Na mtaambiwa kwamba kudhibiti redio ni kuipa serikali rungu. Hoja hiyo ninaiheshimu kuliko zote, kwa sababu ya hayo ya 2018 na 2025. Ndiyo maana yote ninayoomba yanahusu kufichua, na hakuna hata moja linalofunga kituo.

Ninachoomba, Waheshimiwa, ni hiki.

Kwanza, Kanuni za Kudumu za mabunge yote mawili zifanyiwe marekebisho ili kundi lolote linalotoa tamko kwa jina la wabunge au maseneta liandikwe kwenye daftari lililo wazi kwa umma: wanachama, madhumuni, na anayegharamia vikao. Majina ya waliohudhuria na maazimio yawekwe wazi ndani ya siku saba. Kundi linalomkataa mbunge kwa sababu ya kabila lake lisiruhusiwe kutumia jina la Bunge, vyumba vyake wala nembo yake. Wakitaka kukutana kama watu binafsi, wakutane, waseme hivyo.

Pili, kila mbunge na seneta atangaze hisa zake, na za mke, mume au watoto wake, katika kituo chochote cha habari, na orodha hiyo ichapishwe. Sheria ya Mgongano wa Maslahi ilitiwa saini Julai 2025. Haihitajiki sheria mpya ili ninyi Maspika mwanze na hili.

Tatu, mwaombe MCK na CA wavitake vituo kumtaja mmiliki hewani, na kusema wazi mgeni anapokuwa na uhusiano na mmiliki huyo. Jamii au mtu aliyetajwa kwa ubaya apewe nafasi ya kujibu katika kipindi kilekile, saa ileile, kwa lugha ileile. Kituo kitunze sauti za vipindi vya siasa na kumpa mlalamishi anapoomba, badala ya kumwacha mwananchi arekodi kwa simu yake mwenyewe.

Nne, anayelalamika ajibiwe kwa maandishi ndani ya muda uliowekwa, hata kama jibu ni kwamba lalamiko halina msingi. Vikao vya kusikiliza malalamiko vifanyike kaunti, si Nairobi peke yake. Mkulima wa Kuresoi hawezi kulala hotelini akingoja kuitwa. Na NCIC iwe na wasikilizaji wa lugha hizi wenye kuzijua methali zake na mafumbo yake, kwa sababu chuki siku hizi inasemwa kwa adabu sana.

Haya yote yafanywe kabla ya kampeni rasmi za uchaguzi wa Jumanne, 10 Agosti 2027. Yakifanywa baada ya hapo yatakuwa ni ripoti nyingine ya tume, na rafu zetu zina ripoti za kutosha.

Sihitaji jibu langu binafsi. Naomba Spika wa kila bunge alitolee tamko kwenye kikao, liingie katika kumbukumbu rasmi za Bunge, na tamko hilo litafsiriwe na kutumwa kwa vituo vyote vya lugha za mama, pamoja na ombi kwamba lisomwe asubuhi, wakati wa vipindi vya kupiga simu.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu mstaafu na mpiga kura,
Molo, Kaunti ya Nakuru.